Kompyuta Ndogo Nyuma ya Runinga: Historia Yake, na Jinsi ya Kuchagua Ukiwa Kitengela

Leo tuzungumzie kitu ambacho watu wengi wa huku kwetu wanauliza: nikitaka sinema ya nyumbani, ninunue kompyuta gani ndogo ya kuweka nyuma ya runinga? Ukiingia dukani, pale Kitengela mjini au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuzaji atakujibu kwa tarakimu. Atakutajia ukubwa wa RAM, idadi ya viini vya prosesa na ukubwa wa diski. Si mwongo, ila tarakimu hizo hazikuambii kama mashine hiyo itakuwa bado inaonyesha filamu miaka mitano ijayo.

Kompyuta ndogo za sebuleni zina historia ya miaka zaidi ya 20 sasa. Nimeifuata historia hiyo, na jambo moja linajirudia kila mara: mashine hizi haziachwi kwa sababu prosesa imechoka. Huachwa kwa sababu tatu. Kwanza, njia mpya ya kubana picha inakuja na chipu haiijui. Pili, stima inayokula haiendani na mfuko au betri ya mwenye nyumba. Tatu, kampuni iliyoitengeneza inafunga mlango na kuondoka. Tukiielewa historia hiyo, kuchagua kunakuwa rahisi. Haya, twende polepole.

KABLA YA KOMPYUTA

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa muda mrefu kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali. Kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Mwaka huo huo sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, tunayoyaita EPZ, ilipitishwa, na eneo la Athi River likaanza kujengwa. Watu waliokuja kufanya kazi EPZ na kwenye viwanda vya saruji walihitaji pa kulala, na Kitengela, iliyo ng'ambo tu kwenye barabara ya Namanga, ikaanza kugeuka kutoka malisho kuwa mji. Kaunti nzima ya Kajiado ilihesabiwa watu 687,312 mwaka 2009. Sensa ya mwaka 2019 ikakuta 1,117,840. Wengi wa walioongezeka walijenga au kupanga nyumba huku Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, na kila nyumba ilikuwa na ukuta unaongoja runinga.

Filamu zilifika kwenye nyumba hizo kwa mkono. Kwanza kanda za video, kisha CD, kisha DVD. Aliyekosa mashine nyumbani alienda kwenye kibanda cha video, ambako filamu ya mapigano ilisimuliwa juu juu na DJ Afro au mwigaji wake. Mambo ya kompyuta hayakuwapo hapo. Lakini somo la kwanza la historia yetu lilikuwa tayari limejificha ndani ya deki ya DVD.

Mkumbuke deki zile za bei nafuu zilizokuja na tundu la USB. Ulichomeka fleshi, filamu ya AVI ikacheza vizuri kabisa. Kisha ukaletewa filamu ile ile katika faili la MKV, na deki ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Fleshi ilikuwa ile ile, na deki ilikuwa mpya. Kilichobadilika ni kodeki.

Kodeki ni utaratibu wa kubana picha. Filamu ya saa 2 isiyobanwa haiwezi kuingia kwenye diski yoyote ya kawaida, kwa hiyo inabanwa mara mia au zaidi, na kifaa chako kinalazimika kuibanua tena, picha 24 au zaidi kila sekunde bila kukosa hata moja. DVD hutumia kodeki ya MPEG-2. Faili za AVI za miaka ile zilitumia DivX au Xvid, ambazo ziliweza kuibana filamu nzima hadi ikaingia kwenye CD moja ya megabaiti 700. Mwaka 2003 ikaja H.264, iliyobana vizuri zaidi lakini ikadai hesabu nyingi zaidi wakati wa kubanua. Kifaa kinaweza kuzifanya hesabu hizo kwa njia mbili: prosesa ihangaike nazo yenyewe, au pawe na sehemu maalumu ndani ya chipu iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Sehemu hiyo maalumu hula stima kidogo na haihangaiki, lakini inajua kodeki ilizofundishwa kiwandani tu. Huwezi kuifundisha nyingine baadaye.

Shikeni hilo. Yote yanayofuata yanaegemea hapo.

MIAKA YA MAJARIBIO, 2001 HADI 2007

Huko nje, kampuni ya VIA ya Taiwan ilitangaza mwaka 2001 umbo jipya la bodi ya kompyuta, lililoitwa Mini-ITX. Ilikuwa na upana wa sentimita 17 kwa 17. Kabla ya hapo kompyuta ya mezani ilikuwa sanduku kubwa lenye feni za kelele, na hakuna mama mwenye nyumba aliyekubali liwekwe karibu na runinga. Bodi za VIA zilikuwa na prosesa dhaifu kabisa, lakini zilikula stima kidogo na nyingine hazikuhitaji feni. Zilizofuata zikapewa chipu yenye uwezo wa kubanua MPEG-2, kwa hiyo DVD ikacheza kwa raha. Wapenzi wa kompyuta wakazipachika ndani ya redio kuukuu na masanduku ya mbao. Lakini filamu za H.264 zilipoenea, bodi zile zikakwama.

Mwaka ule ule wa 2001, mwezi Novemba, Microsoft ilitoa mashine ya michezo ya Xbox. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya jamii ya Pentium III ya megahezi 733 na RAM ya megabaiti 64. Vijana walioandika programu kwa hiari yao waliivunja kufuli na kuandika programu ya kuchezea filamu. Toleo la kwanza kamili la programu hiyo, XBMC, lilitoka mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa kwenye kochi aliweza kuchagua filamu kwa rimoti, akiona picha na majina makubwa, bila kipanya wala kibodi. Mwaka 2014 XBMC ilibadilishwa jina ikawa Kodi, na ndiyo hiyo hiyo mnayoiona leo kwenye visanduku vya Android.

Hatima ya Xbox kwenye mradi wake wenyewe inafundisha kitu. Mwaka 2010 waandishi wa XBMC walitangaza kwamba hawataiandikia tena Xbox. Filamu za HD zilikuwa zimeishinda. Programu iliyozaliwa ndani ya mashine hiyo ikaihama na kuendelea kuishi kwenye Windows, Linux na Mac. Mashine ilikufa, programu ikabaki hai, kwa sababu programu ilikuwa huria na mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua na kuipeleka kwingine.

Ulinganishe na Windows. Microsoft ilitoa Windows XP Media Center Edition mwaka 2002, ikiwa na sura nzuri ya kutumia kwa rimoti. Watu wengi Marekani wakajenga sinema zao juu yake. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Media Center ikaondolewa kabisa. Waliojenga hapo wakahama, wakitaka wasitake.

Mwaka 2002 pia ndipo Isaac Richards wa Marekani alipoanza kuandika MythTV, programu huria ya kurekodi vipindi vya runinga kwenye Linux, kwa kuwa hakuridhika na king'amuzi alichopewa na kampuni ya kebo. Januari 2005 Apple ikaleta Mac mini kwa dola 499, na Machi 2007 ikaleta Apple TV ya kwanza, kisanduku chenye diski ya gigabaiti 40. Haukupita muda watu wakawa wanakifungua na kukiwekea XBMC.

Huku kwetu, wakati huo, mengi ya haya tuliyasoma tu. Intaneti ya Kenya ilipita kwenye setilaiti, ilikuwa ya kujikokota na ghali. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya mezani, ya mitumba, zile tunazoziita ex-UK, na kazi yake ilikuwa kuandika barua na kucheza muziki.

ATOM, ION NA RASPBERRY PI

Kama kuna mfano mmoja ninaotaka uukumbuke unapokwenda dukani, ni huu wa mwaka 2008 na 2009. Intel ilitoa prosesa ndogo ya Atom mwaka 2008, na kompyuta za ukubwa wa kitabu zikajaa sokoni. Zilikuwa nafuu, lakini ukiwekea filamu ya HD ya H.264 ilikatika-katika kama redio yenye betri zilizokwisha. Mwaka uliofuata Nvidia ikaileta chipu ya picha iliyoitwa Ion. Acer ikaiweka kwenye AspireRevo, pamoja na Atom ile ile. Ghafla filamu zile zile zikacheza bila shida. Prosesa haikubadilishwa. Kilichoongezwa ni sehemu inayojua kubanua H.264.

Kisha, tarehe 29 Februari 2012, Raspberry Pi ikaanza kuuzwa kule Uingereza kwa dola 35. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 700 na RAM megabaiti 256, yaani kwa hesabu za muuzaji wa duka ilikuwa takataka. Lakini chipu yake ya Broadcom ilijua H.264, na bodi hiyo ya ukubwa wa kitambulisho ikaonyesha HD kamili kwa wati chache, ikilishwa na chaja ya simu. Kompyuta ya mezani yenye nguvu mara kumi yake ilikuwa ikipiga kelele kwa feni ikifanya kazi hiyo hiyo.

Pi ilituonyesha pia kwamba kodeki zina wenyewe. Uwezo wa kubanua MPEG-2 ulikuwa ndani ya chipu, ila ulikuwa umefungwa kwa sababu ya ada za hataza. Kuanzia Agosti 2012 uliweza kununua ufunguo wake kwa pauni 2.40. Maana yake, Pi yako iliweza kucheza filamu mpya kabisa ya HD na ikashindwa DVD ya zamani, mpaka ulipe.

KENYA: GIZA LA FEBRUARI 2015

Sasa turudi nyumbani, maana somo kubwa kuliko yote lilitokea hapa hapa, na lilimgusa hata asiyejua kompyuta.

Julai 2009 kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ilifunguliwa Mombasa, na kebo ya TEAMS ikafuata. Bei ya intaneti ikaanza kushuka. Desemba mwaka huo huo, Rais Kibaki akazindua matangazo ya majaribio ya runinga ya dijitali. Mfumo uliotumika ulikuwa DVB-T. Lakini Ulaya ilikuwa tayari imekamilisha mfumo mpya, DVB-T2, unaobeba stesheni nyingi zaidi kwenye mawimbi yale yale, na Kenya ikaamua kuhamia huo. King'amuzi kilichotengenezwa kusoma DVB-T peke yake hakiwezi kusoma DVB-T2. Aliyekuwa ametangulia kununua akabaki na kisanduku kizima, kinachowaka taa, kisichofanya kazi.

Kisha ikaja kesi kati ya serikali na kampuni kubwa tatu za habari: Nation, Standard na Royal Media. Tarehe 13 Februari 2015 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake, na mara moja Mamlaka ya Mawasiliano ikazima mitambo ya analogi ya Nairobi na viunga vyake. Stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka. Zilikaa nje ya hewa siku 19, hadi mwanzoni mwa Machi. Zilikuwa zimekataa kubebwa na kampuni nyingine za kusambaza mawimbi, zikitaka mtambo wao wenyewe.

Ziliporudi, zilirudi kwa dijitali. Runinga za mgongo mrefu zilizokuwa zikifanya kazi Januari hazikuwa na kitu cha kuonyesha bila king'amuzi. Kioo kilikuwa kizima na spika nzima. Kilichokosekana kilikuwa kifaa kidogo cha kuelewa lugha mpya ya mawimbi. Ukifikiria vizuri, hilo ndilo jambo lile lile la Xbox na H.264, na la deki ya DVD na faili la MKV.

Kiswahili hapa kimetusaidia sana. Tumekiita kifaa hicho king'amuzi, kitu kinachong'amua. Kompyuta ndogo nyuma ya runinga nayo ni king'amuzi tu. Tofauti ni kwamba inaweza kujifunza lugha mpya, angalau zile ambazo chipu yake inazimudu. Hata mawimbi ya DVB-T2 inaweza kuyapokea ukichomeka kipokezi cha USB na antena ya kawaida, ukaweka programu huria ya Tvheadend, ukarekodi taarifa ya saa moja ukiwa bado umekwama kwenye foleni ya Mlolongo.

VISANDUKU VINAVYOONDOKA

Julai 2013 Google ilileta Chromecast, kifaa cha dola 35 cha kuchomeka kwenye HDMI. Januari 2016 Netflix ikafungua huduma zake Kenya, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 kwa siku moja. Polepole faiba ikaanza kuingia mitaani, na Kitengela haikuachwa nyuma. Filamu ikaacha kuja kwa fleshi, ikaanza kuja kwa waya.

Wengi wakaona kompyuta ya sebuleni haina kazi tena, kwamba kisanduku cha kutiririsha kinatosha. Kwa watu wengi kinatosha kweli. Lakini tazama yaliyotokea. Agosti 2024 Google ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Chromecast. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili zikaacha kufanya kazi kwa siku kadhaa duniani kote, kwa sababu cheti cha usalama kilichowekwa ndani yake kilikuwa kimefikia tarehe ya kuisha. Google iliwatumia watu marekebisho, lakini wenye vifaa hivyo walijifunza kwamba kilichokuwa ukutani kwao kilikuwa na tarehe ya kufa ambayo hawakuwahi kuonyeshwa.

Upande wa visanduku vya Android vya bei ya chini kabisa, mambo ni mabaya zaidi. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Kanada alieleza jinsi kisanduku cha T95 alichonunua kilivyokuja na programu hasidi ndani yake tangu kiwandani. Juni 2025 shirika la FBI la Marekani likatoa onyo kuhusu mtandao wa BADBOX 2.0, uliojificha ndani ya mamilioni ya vifaa vya aina hiyo na kutumia intaneti ya wenye nyumba kwa uhalifu. Kisanduku kama hicho kimeunganishwa na waifai ile ile ambayo simu yako ya M-Pesa inatumia. Fikiria hilo kabla ya kufurahia bei.

Hata Intel, iliyoanza kuuza kompyuta zake ndogo za NUC mwishoni mwa 2012, ilijiondoa kwenye biashara hiyo Julai 2023 na kumwachia ASUS. Lakini NUC ya mwaka 2017 haikuzimika siku ile. Ni kompyuta kamili. Unaweza kuiwekea Linux leo, na itaendelea. Hapo ndipo kompyuta inapokishinda kisanduku.

BASI TUCHAGUE NINI?

Kwa yote hayo, maswali ya kumuuliza muuzaji yanakuwa manne.

1. Chipu yake inajua kodeki gani? Leo unahitaji H.264, HEVC ambayo pia huitwa H.265, VP9 inayotumiwa na YouTube, na ukiweza AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na inayoendelea kuenea. Kwa prosesa za Intel za mitumba, kizazi cha 7 ndicho mpaka. Kizazi cha 6 hakibanui vizuri HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo ya filamu nyingi za 4K. AV1 inaanzia kizazi cha 11. Zile kompyuta ndogo za ofisini kutoka Uingereza, kama ThinkCentre Tiny za Lenovo, OptiPlex Micro za Dell na EliteDesk Mini za HP, ni chaguo zuri sana mradi usome namba ya prosesa. Namba ikianza na 7 au 8, kwa mfano i5-7500T, endelea kuzungumza bei. Ikianza na 3 au 4, hiyo ni ya kuandikia barua.

Intel N100, iliyotoka Januari 2023, inauzwa ndani ya visanduku vidogo vipya na imeandikwa wati 6. Inazijua kodeki zote nne. Kwa runinga ya kawaida sioni sababu ya kutafuta nguvu zaidi ya hapo. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 na Pi 5 ya mwaka 2023 zinabanua HEVC ya 4K, na mfumo wa LibreELEC unazigeuza kuwa Kodi kamili kwa dakika chache. Ila haziijui VP9 wala AV1 kwenye chipu, kwa hiyo YouTube ya 4K si kazi yao. Pi 5 hata sehemu ya H.264 imeondolewa, na prosesa ndiyo inayoifanya kazi hiyo. Kwa HD inaiweza.

2. Inakula stima kiasi gani? Tuchukue mfano. Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 70, ikiwaka saa 5 kwa siku, kwa siku 30 hula yuniti 10.5. Ndogo ya wati 12 hula yuniti 1.8. Ukiiacha ikipakua usiku na mchana, kubwa hufika yuniti 50, ndogo haifiki 9. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani imegawanywa kwa ngazi: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Yuniti 50 za kompyuta peke yake zinaitoa nyumba ndogo kwenye ngazi ya chini na kufanya hata taa ziwe ghali.

Ukitoka Kitengela ukaelekea Kajiado mjini, kisha Il Bissil au Mashuuru, swali hili ndilo la kwanza. Huko nyumba nyingi zinategemea jua. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 50 ina wati-saa 600, na kama ni ya asidi usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Runinga ya volti 12 ya wati 30 na kompyuta ya wati 10 zitakaa saa 7 na nusu. Weka kompyuta ya wati 70 kupitia inveta, na hata saa 3 hazitimii. Tafuta kompyuta ndogo yenye adapta iliyoandikwa volti 12. Nyingi za N100 ziko hivyo. Lakini usiiunganishe na betri moja kwa moja. Betri inapochajiwa hupanda kupita volti 14, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti katikati.

3. Itaungana vipi na vitu nilivyo navyo? Nyingi za mitumba hazina HDMI, zina DisplayPort. Adapta yake si ghali, lakini iulizie kabla hujalipa. HDMI ya mashine nyingi za kizazi cha 7 inatoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. DisplayPort inatoa 60. Wufa nyingi za huku zina tundu za nyekundu na nyeupe, kwa hiyo hakikisha kompyuta ina tundu la spika za masikioni. Vumbi la nyanda za Athi halina huruma kwa feni, hivyo isiyo na feni ni bora. Yenye feni, ifungue na kuipuliza kila baada ya miezi michache. Na usiiwashe bila kifaa cha kuilinda stima inapopanda ghafla.

4. Nikiachwa na aliyeitengeneza, nitabaki na nini? Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinauza mashine zao kwa sababu hiyo tu. Hiyo ni nafasi nzuri kwako. Weka Linux na Kodi, mashine inaendelea. Hasara yake niiseme wazi: Netflix haitoi picha ya 4K kwa kompyuta ya Linux, kwa sababu kufuli za hakimiliki zinadai kifaa kilichoidhinishwa. Kama nyumba yako ni ya Netflix tu na huna filamu zako mwenyewe, programu iliyo ndani ya runinga yako itakuhudumia vizuri kuliko kompyuta. Usinunue kitu usichokihitaji.

Lakini kama una picha za harusi, video za watoto, filamu ulizonunua kwenye DVD, stesheni za bure za DVB-T2 na faiba inayokatika wiki moja kila mwezi, kompyuta ndogo ina kazi. Kwangu mimi ninayeandika programu kwa riziki, swali la nne ndilo zito kuliko yote. Nguvu ya prosesa hushuka bei kila mwaka. Ruhusa ya kuibadilisha mashine yako haiuzwi baadaye. Ama ulikuja nayo nyumbani siku ya kwanza, ama huna.

Kwa hiyo ukienda dukani Jumamosi, beba fleshi yenye faili tatu: moja ya H.264, moja ya HEVC ya biti 10, na moja ya AV1. Mwambie muuzaji azicheze mbele yako, na ushike mashine kwa mkono uone kama inapata moto. Dakika kumi zinatosha. Akikataa, maduka ni mengi.